Alama Ndani ya Kifuniko

Habari hii niliipata kwa shangazi yangu, Solange Huguenin, hapa Le Locle, mji wa mafundi saa Uswisi, Novemba 2014, siku tisa baada ya tukio. Hakuirudia tena.

Kaka yake, Blaise, alikuwa fundi saa kama marehemu baba yao, Ami. Alinunua saa ya dhahabu ya zamani, akabadili uso na mishale, akapachika almasi. Shangazi ndiye aliyemwandikia tangazo la mtandaoni: "Ni ya asili. Haijaguswa."

Mafundi wa kwetu, kila wafunguapo saa, hukwaruza alama yao na tarehe ndani ya kifuniko cha nyuma. Ile ilikuwa na alama tano. Ya mwisho ilikuwa ya Ami: msonobari mdogo. Blaise alizisugua zote, kifuniko kikabaki kama kioo.

Magharibi ya siku ya tukio, shangazi alipita karakanani kwa Blaise kuchukua kifurushi cha mnunuzi.

"Bado tu, kaka? Posta haikungojei wewe."

"Nawe na haraka zako! Ndo nafunga."

Mlango ukajibana nyuma yake. Kitasa hakikuzunguka. Dirisha nalo likagoma.

Kisha... krrr... krrr...

Ncha ya sindano juu ya dhahabu. Ndani ya saa iliyofungwa.

Ikaja harufu ya kiko cha Ami.

Blaise akafungua kifuniko. Msonobari ulikuwa umerudi. Alama zote tano zilikuwa zimerudi. Chini yake, tarehe ya siku ile, na nafasi tupu.

"Kaka," shangazi alinong'ona, "tuseme ukweli."

"Tumwambie nani? Mnunuzi mwenyewe hajui mshale wala msumari!"

Krrr...

Shangazi akashika simu, akafungua tangazo. Akafuta maneno yake, akaandika: "Uso, mishale na almasi si vya asili. Alama za mafundi tulizifuta sisi."

Kitasa kikalegea.

"Twende!"

"Tangulia. Nirudishe tangazo kama lilivyokuwa kwanza," Blaise alisema, akicheka.

Shangazi akavuka kizingiti. Mlango ukajifunga.

Krrr.

Ulipovunjwa, koti la Blaise lilikuwa msumarini, kahawa yake ingali ya moto. Yeye hayumo. Ndani ya kifuniko, chini ya tarehe: B.H.

Katika daftari la ukoo nimeandika: Ami, marehemu. Solange, hai, miaka themanini na moja. Mbele ya jina la Blaise sijaandika kitu. Saa iko kwenye droo yangu. Hakuna aliyeitia ufunguo tangu siku ile.

Inatembea.