Nati Haijui Mkwe

"Ni huyu mzee! Huyu hapa ndiye aliyetaka kumuua binti yake wa kumzaa!"

Kidole cha Injinia kilikuwa kimekaribia kunigusa pua. Saa nne asubuhi, gereji imejaa wateja, simu zimeinuliwa juu zinanirekodi...

Nyuma yake, juu ya brekidauni, ilikuwa gari ya mkwe wangu. Nyeusi, imelala chini kama mende, injini ya turbo. Gurudumu la nyuma kushoto halipo!

Na pale kwenye benchi la wateja, binti yangu. Mkono wa kulia umefungwa bandeji. Hanitazami.

Jamani, kidole cha Injinia hakikuniuma. Kilichoniuma ni mtoto wangu kuangalia sakafu.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo, msinihukumu bado.

Mimi nimezeekea kwenye grisi. Darasa la nne nilisoma mji mmoja, la tano mji mwingine, la sita sikulimaliza mahali popote. Gereji hii ni ya kumi na moja, ndiyo maana wananiita Mzee Mabegi. Injinia, msimamizi wetu, ana cheti ukutani, ndani ya fremu. Mimi nina kichupa cha rangi nyekundu ya kucha.

Msicheke! Kila nati ninayoikaza naichora mstari, unaanzia kwenye nati unaishia kwenye chuma. Nati ikisogea hata unywele, mstari unakatika. Unaona kwa macho yako.

Sasa, miezi miwili iliyopita mkwe akaja.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Baba, hii gari inanitia aibu. Ina nguvu, ina sauti, lakini rimu zimezama ndani ya fenda kama mashavu ya kibogoyo!"

"Unataka zije nje?"

"Ziwe sawa na bodi, baba. Gari isimame kiume!"

Nikamfungia spesa. Kwa msiojua, spesa ni duara la chuma linalofungwa kwenye habu, kile kitovu kinachobeba gurudumu, kwa nati zake, halafu gurudumu linafungwa juu yake, basi linasogea nje. Zangu zilikuwa za milimita ishirini, zina mdomo katikati. Tundu la rimu linaukalia ule mdomo, kwa hiyo uzito haubebwi na nati peke yake. Nilisugua kutu yote. Nikakaza kwa spana ya kipimo, ile inayolia tak! ikifika. Nikachora mistari yangu.

"Ukimaliza kilomita mia, rudi nifungue nikaze upya," nikamwambia.

"Sawa, baba."

Hakurudi. Na hapo kuna kosa langu, nitalisema mwenyewe, hamna haja ya kunisaidia.

Basi, siku ile Injinia akasema, "Chukua kisanduku chako uondoke. Spesa zako zimetuaibisha."

"Siondoki."

"Unasemaje?"

"Nimefukuzwa gereji mbili, nane nimeondoka mwenyewe. Kila nilipofukuzwa, kosa langu nililijua. Hili silijui. Inueni gari!"

Mkwe akanisogelea, sauti ya chini, ya adabu...

"Baba, tuyaache. Watu wanatazama. Mimi nimeshakusamehe."

Kanisamehe!

"Nani kakuomba msamaha, mwanangu? Leteni jeki!"

Wakaishusha, wakaiinua. Spesa yangu ilikuwa palepale kwenye habu. Nikapangusa vumbi kwa kitambaa.

Nati tano. Mistari mitano myekundu. Hakuna hata mmoja uliokatika!

"Injinia, wewe ndiye mwenye cheti. Soma hapo."

Akainama. Akasoma.

"Lakini tairi si lilichomoka jana, binti yako akiendesha?"

"Lilichomoka. Nileteeni hilo tairi."

Likabingirishwa, bado lina matope ya mtaroni. Nikaligeuza...

Mgongoni mwa rimu, bamba la duara limenata. Unene milimita nane. Bapa kama sahani. Halina mdomo!

Bamba lile lilikuwa limeumeza mdomo wa spesa yangu wote. Gurudumu lilikuwa linaning'inia kwenye nati tu, na nati zenyewe zimeshika nchani.

"Hili bamba ni la nani?"

"Si mimi!" Injinia akaruka. "Naapa sijawahi kuliona!"

Na kweli, uso wake haukuwa wa mwongo. Yeye ni mtu wa kupenda kunyoosha kidole, basi.

Binti yangu akasimama. Akaja taratibu, akaligusa bamba kwa mkono wake mzima.

"Mabamba haya niliyapokea mimi."

"Nini?"

"Kifurushi kilikuja kazini kwangu. Nilisaini mimi." Akamgeukia mumewe. "Si uliniambia ni vifuniko vya spika?"

Mkwe jasho linamtoka kama kafungiwa kwenye oveni.

"Mke wangu, ilibaki kidogo tu... Kwenye picha rimu zilionekana bado zimezama. Milimita nane tu!"

"Ulijua?"

"Sikiliza kwanza..."

"Tangu jana hospitali umenishika mkono unaniambia baba kazeeka, macho hayaoni! Kumbe ulijua?!"

Nilitaka kumtukana mkwe, nisiwadanganye. Tusi lilishafika kwenye meno. Lakini nikaona kuna kitu kizuri kuliko tusi.

"Mwanangu, njoo upande wa kulia. Fungua gurudumu."

Akafungua. Bamba la pili hilo hapo!

"Rudisha hivyohivyo, na bamba lako. Chukua nati moja, zungusha kwa vidole. Hesabu kwa sauti, mkeo asikie."

"Baba..."

"Hesabu!"

"Moja... mbili... tatu..." Nati ikagota. "Na nusu."

"Toa bamba. Rudia."

"Moja... mbili... tatu... nne..." Sauti ikaanza kukatika. "...nane. Tisa."

"Hiyo ndiyo tofauti. Mke wako ulimtundika kwenye mizunguko mitatu na nusu, ukampa barabara kuu."

Akapiga magoti palepale kwenye oili. Nikamwacha. Simu zilizokuwa zinanirekodi mimi zikamgeukia yeye.

Ndipo binti yangu akanitazama.

"Baba, nisamehe. Niliamini."

"Na mimi nina langu, mama," nikamwambia, mbele ya watu wote. "Kilomita mia zilipofika nilimpigia mumeo. Akasema, nimeshakaza mwenyewe, baba. Roho iliniambia, mwite alete gari. Nikaona haya. Mkwe unamhoji vipi kama mwanafunzi? Nikasema haya, mwanangu."

Ile haya yangu ilikaribia kunizikia mtoto.

Kwa hiyo nyie mtakaoandika huko chini kwenye maoni kwamba spesa zinaua, tulieni! Gari ile inatembea hadi leo na spesa zangu zilezile. Stadi tano za kushoto, vile vyuma vinavyoshika nati, nilibadilisha, mabamba nikayakata vipande kwa msumeno. Funguo anazo binti yangu, mkwe akiitaka gari anamwomba. Injinia hakuniomba radhi, ila wiki iliyopita nilimkuta kwenye kona anapaka nati rangi ya kucha. Ya waridi! Nilipita kama sijaona.

Kinachoua ni kuficha. Na kuoneana haya mahali pa kuulizana.

Jana mkwe kaja na gari.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo nyumbani?"

"Hatujambo. Nimepita kusalimia tu, baba. Zile nati nimeshazi..."

"Shuka," nikamwambia. "Jeki ile pale."