Majina ya Irisi

Mimi si mtu wa kubeba hadithi za wachawi. Hii ninaisimulia kwa sababu ilitokea nyumbani kwa mama mdogo wangu, Maman Bintu, hapa mtaani Muhungu, na nilikuwepo.

Ilikuwa Jumamosi ya jua zuri. Tulikuwa uani, mimi ninatwanga sombe, majani ya muhogo, binti yake Ariane anafua nguo huku akirudia masomo yake kwa sauti. Ariane anashughulika na mimea kwenye kituo cha utafiti kule Lwiro, na alikuwa akiandika tasnifu yake ya chuo kikuu juu ya maua ya irisi: Waingereza wa kale waliyaitaje, na waliyatumia kutibu nini. Tulimcheka sana. Mji mzima unahangaikia maji na umeme, yeye anahangaikia maua ya watu waliokufa karne na karne zilizopita.

"Gladene. Segge. Leva. Ireos," aliimba akikamua shuka. Majina hayo, alisema, Waingereza wenyewe waliyachanganya, lakini vitabu vyao viliyapa kazi. Segge kwa jino bovu. Ireos kwa kifua kilichojaa makohozi. Gladene kwa kuvuta nje chochote kilichoingia mwilini: mwiba, chuma, ncha ya mshale.

"Chuma?" Hervé aliuliza kutoka kwenye kiti chake.

Hervé ni mdogo wake Ariane. Alikuwa dereva wa pikipiki hadi zile siku za milio ya bunduki mjini, kipande cha bomu kilipomwingia pajani. Daktari aliogopa kukitoa kwa kuwa kilikuwa karibu na mshipa mkubwa. Sasa paja lilikuwa limevimba na kuanza kunuka, na Jumatatu madaktari wangemkata mguu. Siku ile hakuna aliyekuwa amethubutu kulitaja jambo hilo.

Ariane aliijua irisi moja kwenye bustani ya nyumba ya Mbelgiji iliyoachwa zamani, njia ya Lwiro. Ina majani marefu kama mapanga, na ukilivunja moja linanuka nyama. Tulikwenda mchana huohuo, yeye, mama yake na mimi. Maman Bintu ni binti wa mganga, ingawa Jumapili hakuna anayemtangulia kanisani. Alituzuia kabla jembe halijagusa udongo.

"Dawa haichimbwaka kimya," alisema. "Unaiita jina, unaiambia kazi yake. Kazi ikiisha, unaiambia iache. Sasa hii ya bazungu, inaitwaka je?"

Ariane aliinama juu ya mmea. Akayataja majina yote, moja baada ya jingine, kwa matamshi aliyofundishwa na profesa wake. Kisha akalitaja na jina la Hervé.

"Ile majina yote iko ya kazi moja?" mama yake aliuliza.

"Iko ya maua moja, maman."

Maman Bintu alisita kidogo, halafu akapiga jembe.

Walitwanga mzizi na asali, wakaufunga kwenye paja. Jumapili tulipotoka misa, kile chuma kilikuwa kimelala juu ya kitambaa, kisafi, bila tone la damu. Maman Bintu alicheza uani hadi kilemba kikaanguka. Mimi nililia kwa furaha, wala sioni aibu kusema. Jumatatu daktari alishangaa, akaturudisha nyumbani na mguu wetu.

Jumanne tulikuwa mezani. Hervé alimega bugali, akatafuna. Akatoa jino mdomoni. Lilikuwa zima, pamoja na mizizi yake, jeupe na kavu.

"Haiumi, yaya," alimwambia dada yake akishangaa.

Kabla hatujaondoa sahani alikuwa ametoa mengine. Aliyapanga kando ya bugali.

Kesho yake kikaja kikohozi. Alikohoa vitu vyeupe, vyembamba, virefu. Muuguzi tuliyemwita aliviangalia, akachukua mkoba wake, akaenda. Kisha ngozi ya paja ikainuka. Kitu chenye ncha kilikuwa kinasukuma kutoka ndani. Ngozi ikafunguka polepole. Ulikuwa mfupa.

"Haiumi," alisema tena. Alikuwa anatabasamu bila meno.

Tulirudi mbio kwenye ile bustani. Maman Bintu alipiga magoti penye shimo. Akaiambia iache, kwa Mashi. Kwa Kiswahili. Kwa Kifaransa. Jani halikutikisika. Harufu ya nyama ilizidi.

"Ni weye uliiita," alimnong'oneza Ariane. "Iambie iache. Mu luga yake."

Ariane alijaribu kwa Kiingereza cha leo. Alirudia, akarudia. Kisha akakaa chini kwenye tope.

"Minajua majina tu, maman. Kusema acha, sijue. Na bale benye kusema ile luga, bote balikufaka."

Tulimkuta Hervé amelala chali. Alikuwa amekuwa laini. Nilimshika mkono, ukakunjika kama nguo mbichi. Macho yalitutambua. Alitaka kusema kitu, lakini taya halikuwepo. Alikufa Ijumaa mchana, na mama yake hakupata pa kumshika.

Jeneza tulilibeba mimi na Ariane, wanawake wawili, na halikutuelemea. Nilichukia wepesi ule kuliko kitu chochote maishani.

Kilio kilipokwisha, nilimsindikiza Maman Bintu kupeleka msalaba kaburini. Udongo ulikuwa umekauka, hauna ufa, hauna alama ya mguu. Juu yake ililala misumari ya jeneza, yote, imenyooka, inang'aa kama imetoka dukani.

Maman Bintu aliokota mmoja. Kisha akaniuliza, kwa sauti ndogo, ni nini sasa kinachomfunika mutoto wake.