Kila Jioni Anaanguka Tena

Jua lilikuwa linazama Monicah aliposhuka na ndoo ufuoni Sori kuchota mchanga. Wanawake waliokuwa wakianua omena, wale dagaa wa ziwani, walimsalimu kwa ile sauti ya chini ambayo watu humwekea mtu aliyefiwa, kisha wakajifanya wana shughuli nyingi. Hakuna aliyemwuliza mchanga ulikuwa wa nini. Walijua. Sori nzima ilijua kwamba mume wake Javan, sajini mstaafu na mzee wa kanisa, alikuwa akishinda ndani ya kibanda cha mwanawe akicheza vita na vinyago vya udongo.

Wengine walisema amerukwa na akili. Ni rahisi kusema hivyo kama watoto wako wote wamelala nyumbani.

Mtoto mwenyewe ni Bravin, kitinda mimba wao, kijana mcheshi mwenye masikio yaliyochomoza kiasi kwamba shuleni walimtania hahitaji redio. Wakala mmoja wa mjini alimwahidi kazi ya kulinda ghala katika nchi ya theluji. Alipofika huko hakuonyeshwa ghala lolote. Alipewa bunduki, mafunzo ya siku chache, na nafasi ndani ya handaki, katika vita ambavyo hakujua vilianzia wapi wala vinapiganiwa nini. Kwa muda alikuwa akituma ujumbe, akimwambia mama yake asijali, baridi tu ndiyo inayomsumbua. Kisha simu ikanyamaza.

Aliyeleta habari ni Maroa, kijana wa Kehancha aliyesafiri naye. Alirudi na mkono mmoja, ule mkono mwingine wa shati ukiwa umekunjwa na kufungwa kwa pini. Alisema waliamriwa watu watatu watoke handakini alfajiri, wavuke shamba tupu, waingie kwenye nyumba iliyobomoka upande wa pili. Bravin alikuwa wa katikati. Droni ikaja juu yao ikivuma kama nyuki. Maroa alimwona Bravin akianguka kando ya mtaro, kisha na yeye akapigwa, akavutwa nyuma na wenzake. Hakumwona Bravin akiinuka. Lakini pia hakumwona akiwa maiti, na mwili haukupatikana.

Monicah alilia mpaka sauti ikamkauka. Javan hakulia. Alimwuliza Maroa miti ilikuwa upande gani. Ardhi ilikuwa laini au ngumu? Upepo ulitoka wapi? Alimwuliza mpaka kijana wa watu akaanza kutetemeka, Monicah akamwomba mumewe amwache mgeni ale.

Baada ya hapo Javan akaingia kwenye simba ya Bravin, yaani kile kibanda cha kijana karibu na lango la boma, akatandaza mchanga juu ya meza. Jeshini ndivyo walivyofanya kabla ya kushambulia: wanaijenga ardhi kwa mchanga, kila askari ajue mguu wake utakanyaga wapi. Javan aliwafundisha makuruta kwa njia hiyo miaka mingi. Alichora handaki kwa kidole, akachomeka vijiti vikawa miti, akaweka kiberiti kikawa nyumba. Akafinyanga askari watatu. Yule wa katikati alimpa masikio makubwa.

Droni aliifanya kwa dadu ya ludo. Kila jioni alimpitisha Bravin njia nyingine. Leo kwa tumbo, kesho kupitia mitini, keshokutwa asubiri moshi kwanza. Halafu anarusha dadu. Ikitua vibaya, droni imeona, na Javan anamlaza yule mwenye masikio juu ya mchanga. Jioni inayofuata anamwinua tena.

"Natafuta njia, Min Bravin," alimwambia mkewe, yaani mama Bravin. "Kama kuna njia hata moja ya kutoka pale, basi huyu kijana yuko hai."

Ukoo ulikuwa umechoka kungoja. Filister, dada yake Javan, alikuja mara kwa mara kuwasihi wazike yago, lile tunda refu na zito la mti wa porini, ambalo Wajaluo huzika mahali pa mtu ambaye mwili wake umepotea. Alisema mtoto asiyezikwa hana pa kukaa. Javan alimsikiliza kwa heshima, akamsindikiza hadi langoni, akarudi kwenye mchanga wake.

Basi jioni ile Monicah alirudi na ndoo yake. Alipofika mlangoni pa simba, mumewe alikuwa ameinama juu ya meza, taa ya sola ikimmulika uso. Dadu ikaruka. Ikabingirika. Ikatulia.

Nje, nyuma ya ua wa minyaa, kitu kikalia.

Kilikuwa kilio kifupi. Kilikatika katikati.

Monicah alikuwa amekisikia kilio hicho jioni nyingi, akidhani ni ndege wa ziwani. Lakini leo alikuwa akiitazama dadu. Kilio kilitoka mara tu ilipotulia. Alimtazama mumewe. Javan alikuwa anamlaza yule mwenye masikio, taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto aliyesinzia begani.

"Umesikia?" Monicah akanong'ona.

Javan akaisogeza taa. Alikuwa anatazama ukingo wa meza. Pale, kando ya handaki la kuchora, palikuwa na tope. Tope jeusi, baridi, lenye vijimajani vilivyooza. Tope la namna hiyo halipatikani Sori.

Kesho yake giza lilipoanza kushuka, Monicah alikuwa anafungia kuku. Walikataa kuingia. Walijikunyata kwenye kona ya uwanja, kimya, na kuku hawana kawaida ya kunyamaza. Ndipo harufu ikamjia. Baruti. Mpira ulioungua. Udongo mbichi... Halafu baridi, baridi ya kutoka ardhini, ikampanda miguuni hadi magotini.

Nyuma ya ua mtu alikuwa anatetemeka. Alisikia meno yakigongana.

"Mama."

Funguo zikamwanguka mkononi.

"Mama, ni mimi. Usikuje karibu."

Aliona kivuli tu katikati ya matawi. Kichwa. Masikio. Moyo wake ulimwambia arukie ule ua aumizwe na utomvu wake, apofuke kama ni kupofuka, lakini amshike. Miguu ilikataa.

"Nyathina," alisema. "Mtoto wangu. Umekula?"

Hebu fikiria. Mtoto amerudi kutoka kuzimu, na hilo ndilo swali lililomtoka. Mama ni mama.

"Ambia Baba aache," sauti ikasema. "Kila jioni ananiinua. Kila jioni naanguka tena."

"Inauma?"

Meno yakagongana kwa muda.

"Kila mara, Mama. Kila mara ni kama ile ya kwanza."

Kisha baridi ikaondoka, na kuku wakaanza kuingia bandani mmoja mmoja.

Monicah alimkuta Javan simbani akiwainua askari wake. Alimshika mkono kabla hajagusa dadu, akamweleza yote, neno kwa neno. Alitegemea ubishi. Javan ni mtu wa kubishana hata na mchungaji. Lakini alikaa tu kitandani pa mwanawe, akauliza mara moja, "Una hakika ni yeye?"

"Nilimzaa, Wuon Bravin. Nitakosaje sauti yake?"

Javan akaitikia kwa kichwa. Akamchukua yule askari wa udongo, akamfuta mchanga kwa kidole gumba, masikio kwanza, halafu uso. Akamweka kiganjani mwa mkewe.

Jumapili walizika yago. Walilivika shati la Bravin la kuchezea mpira, wakalilaza ndani ya jeneza, na Monicah akaweka yule mwenye masikio pembeni yake. Mchungaji alikuja. Aliomba vizuri, ingawa muda wote alilikwepa lile tunda kwa macho. Filister aliongoza maombolezo. Javan alitupa udongo wa kwanza na bado hakulia. Monicah alilia kwa ajili yao wote wawili, lakini ndani ya kilio kile palikuwa na nafuu kidogo, maana alijua kwamba kuanzia jioni hiyo mtoto wake hatahisi maumivu tena. Ndilo jambo pekee lililobaki ambalo angeweza kumfanyia.

Wageni walipoondoka, wawili hao walikaa sebuleni bila kuwasha taa. Nje kulikuwa bado na mwanga kidogo. Hakukusikika kilio chochote upande wa ua, na Monicah akamshukuru Mungu kimoyomoyo.

Ndipo Javan akaanza kulia.

Alilia vibaya, kama mtu asiyejua namna ya kulia. Monicah akamshika bega, akamwambia ni sawa, alie tu, sasa mtoto amepumzika. Javan akatikisa kichwa.

"Alikuja kwangu pia," alisema.

"Nani?"

"Bravin. Alikuja alfajiri ya siku ile uliponizuia, nje ya dirisha la simba. Baridi ileile. Harufu ileile." Akavuta pumzi. "Aliniambia, Baba, usiache. Kila ukiniinua nasonga mbele kidogo. Nimebakisha pahali kadogo tu nifike."

Monicah akauondoa mkono begani mwake.

"Na ni kweli alikuwa anasonga," Javan akaendelea. "Mwanzo alikuwa anaangukia mtaroni. Halafu nyuma ya mtaro. Jioni ile ya mwisho aliangukia mlangoni pa ile nyumba. Nilikuwa nimebakiza jioni moja, pengine mbili."

"Kwa nini hukuniambia?" Monicah akauliza. "Kwa nini ulikubali tuzike?"

"Kwa sababu ulisema una hakika. Mimi nilikuwa kambini alipozaliwa. Nilikuwa kambini alipoanza kuongea. Nikajiambia, mama hawezi kukosea sauti ya mtoto wake, mimi ndiye ninayeweza."

"Ulimwona uso?"

"Hapana. Na wewe?"

Monicah naye hakuuona. Alikuwa anakikumbuka kile kivuli katikati ya matawi. Kichwa na masikio. Sauti. Hakikuwa na kitu kingine, na yeye alikuwa na kiu kubwa sana ya kumsikia.

Baridi ikaingia kupitia chini ya mlango.

Waliihisi wote wawili. Ikawapanda miguuni, ikafika magotini. Meno yakaanza kugongana nje, karibu kabisa na mlango.

"Mama..."

Monicah akainuka nusu.

Dirisha la nyuma likagongwa, taratibu, kwa kucha.

"Baba..."

Sauti ilikuwa moja. Sauti ya Bravin, ileile, yenye mafua kidogo kama alivyokuwa kila msimu wa mvua. Moja mlangoni. Moja dirishani. Ziliita kwa wakati mmoja.

"Mama, fungua. Baridi."

"Baba, nimefika. Fungua."

Monicah alikuwa anavutwa kuelekea mlangoni, Javan naye kuelekea dirishani, na mikono yao imeshikana katikati ya chumba, hakuna anayeuachia mkono wa mwenzake. Mmoja wa wale wawili nje ni mtoto wao, aliyevuka lile shamba tupu na nchi zote hizi ili afike kwao. Wote wawili walijua hivyo. Ila yule mwingine hawakujua ni nini, wala kitafanya nini kikifunguliwa.

Wale wa nje waliita. Walibisha. Walilia kama mtoto anavyolia.

Hawakufungua.

Baada ya muda sauti moja ikaanza kudhoofika. Ikarudi nyuma, ikaita kutoka uwanjani, halafu kutoka langoni, halafu kutoka mbali ambapo mtu hawezi kusema ni wapi. Ikakatika.

Ile nyingine ingali inakuja kila jioni, inabisha na kuwaita Mama na Baba. Monicah hukaa sakafuni kwa ndani, amelaza shavu kwenye mlango, anaisikiliza na kulia, na Javan hukaa kando yake. Hawajui ni yupi aliyechoka kungoja akaenda zake.