Linki Aliyoifungua Awa

Haya yalimpata rafiki yangu Awa wa Mocímboa, kaskazini mwa Msumbiji, ambaye mumewe Carimo alipotelea kwenye njia ya kwenda Pundanhar wakati wa vita na hajaonekana tena.

Siku moja alipata ujumbe kwenye simu kutoka namba asiyoijua: "Mumeo yuko hai. Fungua hapa umwone." Akafungua. Hapakuwa na picha yoyote. Simu ikapata moto, ikaanza kuwatumia watu wote aliowahifadhi humo ujumbe uleule, na wanawake wenzake waliopoteza waume wakawa wanapiga huku wanalia.

Akaikimbiza kwa Abudo, fundi simu. Mvua ilikuwa inapiga bati, umeme umekatika, kibandani giza.

"Umeingiza wezi, dada," Abudo alimwambia. "Linki ya mtu usiyemjua haifunguliwi."

"Ningeiachaje, kaka? Walisema yuko hai."

Abudo akachomoa laini, akatoa na betri, akaviweka mezani. Mvua ikakatika ghafla. Katika kimya kile wote wawili wakasikia kikohozi ndani ya simu, kisha sauti ya Carimo, ya chini, kama ya mtu aliyejificha:

"Awa, umemfungulia nani?"