Mizinga Ililia Saa Ngapi?

Kila asubuhi Dama alipanga foleni ya maji pale Mtopanga na mitungi yake, na kila asubuhi majirani walimsikia akinong'ona miaka: mwaka wa kuanguka kwa Roma, mwaka wa kujengwa kwa Ngome ya Yesu, miaka ya vita vikuu viwili vya dunia. Waliouliza waliambiwa na mama yake kwamba mtoto haumwi, ni chemsha bongo tu. Dama alikuwa na miaka kumi na miwili na ndiye aliyekuwa nahodha wa timu ya historia ya shule yao. Timu ambayo ingeshinda shindano la Mombasa ingepanda treni kwenda fainali Nairobi. Dama hakuwahi kupanda treni maishani, na hakuna kitu alichokitamani zaidi ya hicho.

Mwalimu Winfred, mlezi wa timu, alikuwa na njia yake ya kufundisha. Waandalizi wa shindano walikuwa wamezigawia shule kijitabu cha maswali na majibu, kilichofasiriwa kutoka Kiingereza harakaharaka. Mwalimu aliuliza, timu ikajibu kwa pamoja, na kufikiri hakukuruhusiwa. Wachina hula nini katika sikukuu yao ya kutazama mwezi? Keki za mwezi. Vita vya Kwanza vya Dunia vilisimama mwaka gani? 1918. Vita vya Waingereza na Zanzibar vya mwaka 1896, vifupi kuliko vyote duniani, vilianza saa ngapi? Saa tisa asubuhi.

Hapo Dama aligoma. Sisi huhesabu saa tangu jua linapochomoza, akasema, basi saa tisa ni ya usiku au ya alasiri. Ya asubuhi haipo. Mfasiri aliiona tisa ya Wazungu akaibeba vilevile ilivyo. Mizinga ililia saa tatu.

"Najua, Dama," alisema Mwalimu Winfred. "Lakini mwenye kutoa alama atashika karatasi yenye majibu haya haya. Wewe jibu kilichoandikwa."

Dama alilikariri jibu lile pamoja na wenzake, ila moyoni hakukubali. Mama yake alizoea kumwambia kwamba mkaidi hafaidi ila siku ya Idi, naye alizoea kumjibu kwamba Idi haiko mbali.

Shindano lilifanyika katika ukumbi mmoja wa Bombolulu. Timu zilianguka moja baada ya nyingine, hata zikabaki mbili zilizolingana alama: ya Mtopanga, na ya shule moja ya Shika Adabu, kule Likoni. Wale wa Likoni vijitabu havikuwafikia. Walikuwa wamejisomea wenyewe katika vitabu vya maktaba, na nahodha wao, mvulana mrefu aitwaye Faki, alijibu taratibu kama mtu anayejua anachokisema. Likabaki swali la mwisho, na zamu ilikuwa ya Likoni. Vita vile vya Zanzibar vilianza saa ngapi?

"Saa tatu asubuhi," alisema Faki.

Bwana Kaingu, msomaji wa maswali, aliitazama karatasi akatikisa kichwa. Alikuwa mtu wa pwani na saa zake alizijua vyema, lakini siku hiyo alikuwa akisoma tu, hakuwa akisikiliza. Faki aliapa wallahi ni saa tatu, akaambiwa aketi. Swali likaja kwa Mtopanga.

Munga, mwanatimu mwenzake aliyeketi karibu na Dama, alimfinya mkono. "Sema saa tisa," alinong'ona. "Tupande treni."

Dama alisimama. Jibu lilikuwa tayari ulimini kwa namna alivyolikariri, na jambo hilo lenyewe lilimtia hasira. Aliikasirikia karatasi, akamkasirikia mwalimu wake, kisha akamtazama Faki aliyeinamisha kichwa kana kwamba amefanya kosa. Akapiga moyo konde.

"Jibu la karatasi ni saa tisa," alisema. "Nalijua, lakini silisemi. Faki amesema kweli na mmemkalisha."

Ukumbi ulivuma. Bwana Kaingu alimwonya kwamba timu yake itashindwa, akampa nafasi nyengine ya kujibu.

"Saa tatu asubuhi," alisema Dama, "na alama ni yake. Hebu tuambie, Bwana, saa tisa ya asubuhi wewe huwa wapi?"

Watu walicheka. Bwana Kaingu aliisoma karatasi tena, safari hii kwa sauti, na masikio yake mwenyewe yakaisikia. Akawaita waamuzi wenzake, wakashauriana kwa muda, kisha Likoni wakapewa alama yao pamoja na ushindi.

Nje ya ukumbi Munga alilia waziwazi, akamwambia Dama kwamba amewapokonya Nairobi. Mwalimu Winfred alipowakaribia, Dama hakungoja kukaripiwa.

"Mwalimu, hata ukiniuliza kesho nitajibu vivyo hivyo."

"Sikuulizi," alisema Mwalimu Winfred. "Nyote nisikilizeni. Nilijua jibu lile ni la uongo, na bado nikawakaririsha. Kosa ni langu, na kesho nitalisema mbele ya shule nzima, kisha tutakipitia kijitabu chote tukisahihishe. Watu waliouawa Zanzibar asubuhi ile hawawezi kurudi kutueleza mizinga iliwalilia saa ngapi. Wametuachia sisi tuwasemee. Tukiwasemea uongo ili tupande treni, hatuna haki ya kuitwa wanafunzi wa historia. Ukweli husemwa hata unapokugharimu, na leo aliyenifundisha hilo ni mwanafunzi wangu."

Hapo ndipo Dama naye alipoangua kilio, maana treni aliitaka kweli. Munga alimngoja atulie, kisha akamuuliza, bila ukali tena, kama hajuti hata kidogo.

"Naililia treni," alisema Dama, akijifuta machozi kwa mkono wa sare yake. "Jibu langu silijutii."