Gwanda Lililotoa Ruhusa

Rungu la Konstebo Sita liligoma hewani, naye akabaki ameduwaa katikati ya soko la Makutano. Gwanda-akili alilovaa lilikuwa limekaza bega lake. Kibaka aliyekuwa akimkimbiza alikwisha lala kifudifudi, na sheria hairuhusu kumpiga aliyejisalimisha. Wachuuzi walicheka hadi machozi.

Sajini Nyanzala, mkuu wa doria, naye alitabasamu. Alilipenda gwanda. Nyuzi zake zilipima silaha, umbali na ukaidi, zikazuia nguvu isiyo ya lazima, na iliyo ya lazima zikaipima isizidi hatari yenyewe. Tangu lianze kuvaliwa, hakuna raia aliyetoka kituoni akichechemea. Ubaya wake ulikuwa mmoja tu: askari walizoea gwanda kufikiri kwa niaba yao, na anayefikiriwa kila siku huacha kufikiri.

Doria ikafika kwenye kibanda cha fundi cherehani, Mzee Chidumule, aliyeamriwa kuhama. Kwa upole akaomba amalizie gauni la bibi harusi. Alipoambiwa hapana, akapiga hatua moja mbele, mkasi mkononi, akieleza kuwa harusi ni kesho. Sikioni mwa Nyanzala gwanda lake likasema, "Ruhusa. Nguvu daraja la tatu." Bega likalegea. Rungu likashuka, na kiganja cha fundi kikavunjika.

Baraza la uchunguzi lilipokaa, mhandisi wa gwanda alieleza kwa ufasaha: kulikuwa na amri halali, mtu aliyeikaidi, na chuma chenye ncha karibu na askari. Chombo hakikukosea. Na kama chombo hakikukosea, hakuna aliyekosea. Fundi angerudi nyumbani na mkono usioweza kushika sindano, bila fidia wala pole. Inspekta, mkubwa wake wa kazi, alimnong'oneza Nyanzala ajibu anachoulizwa tu, yaishe.

Nyanzala hakutulia. Alikunywa maji bila kiu, akakifungua kifungo cha shingoni, akakifunga tena. Aliona haya kumtazama yule mzee, na macho yake yakawa hayana pengine pa kwenda.

Mwenyekiti akampa fundi nafasi ya kuuliza. Mhandisi alikwisha jiandaa kujibu, lakini fundi hakumgeukia.

"Afande, habari za gwanda nimezisikia," alisema. "Wewe mwenyewe ulinionaje?"

Angeweza kusema hakumbuki. Wenzake wengi walikwisha sema hivyo mbele ya baraza hilo hilo enzi za kabla ya gwanda, wakarudi kazini. Nyanzala akasimama.

"Nilimwona fundi aliyetoka kukata kitambaa," alisema. "Vidole vyako vilikuwa ndani ya pete za mkasi na ncha ilitazama chini. Sikuona hatari. Gwanda lilisema naweza kupiga, halikusema lazima. Niliyepiga ni mimi."

Inspekta akafumba macho. Mhandisi alitaka kuinuka, mwenyekiti akamwashiria akae, kisha akamwagiza karani ayaandike maneno ya sajini kama yalivyo.

Mzee Chidumule hakuwa amelia hata siku ile alipofungwa bandeji. Sasa machozi yalimtoka, na hakuyafuta.

"Nilijua mle ndani ya gwanda mna mtu," alisema.

Nyanzala alibaki amesimama, akingoja kuambiwa aende nyumbani au mahabusu.