Aliyepimwa na Anayekohoa

Enyi wazazi, enyi waajiri, na nyinyi mnaoishi ukuta kwa ukuta na majirani, sogeeni karibu. Haya yalitokea hapa kwetu Nyamira, katika ploti iliyo nyuma ya soko, na hakuna mji ambao yasingeweza kutokea.

Ilikuwa Jumapili baada ya kanisa. Mvua ilikuwa imekatika, na vilima vya upande wa Gesima vilikuwa vimenawa uso. Gentrix Akumu alikaa kibarazani akimnyonyesha mwanawe, huku mumewe Okinyi akifunga marobota ya mitumba ya kupeleka soko la Marani. Mwenye ploti, bibi mmoja mjane aitwaye Bathsheba, alitoka jikoni na sufuria ya ndizi zinazofuka moshi. Wapangaji wote walimwita Magokoro, yaani nyanya kwa Ekegusii, ingawa Gentrix na mumewe walitoka kwa Wajaluo wa ng'ambo ya ziwa.

"Nipe huyo mume wangu," alisema Bathsheba. "Umemshika tangu asubuhi, utadhani ni wako peke yako."

"Mume gani, Magokoro, hana hata jino!"

"Na mimi nimebaki na mangapi? Tunafaana."

Wakacheka. Bathsheba akamrusha mtoto juu na kumdaka, akacheka tena mpaka kicheko kikageuka kikohozi. Akajifuta mdomo kwa pembe ya leso. "Moshi wa kuni huu utanimaliza," alisema. Alikuwa akiulaumu moshi tangu mahindi yalipovunwa, na hakuna aliyemuuliza zaidi. Nani humuuliza nyanya juu ya kikohozi?

Mtoto aliitwa Oyugi. Kwao, jina hilo hupewa mtoto anayezaliwa baada ya mwenzake kufa, ili kifo kimdhanie ni takataka na kimpite. Kabla yake Gentrix alizaa msichana aliyeugua kifua na kufa kabla hajajifunza kutambaa. Tangu hapo, kila Oyugi alipopiga chafya, moyo wa mama ulisimama. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Kumbukeni hilo, kwa maana ndilo lililotaka kuleta maafa.

Gentrix alikuwa mlezi katika shule ya chekechea. Aliwalisha watoto, akawaosha, akawalaza mchana. Mwenye shule, Madamu Kemuma, hakuwa mtu mbaya, ila aliwaogopa wazazi kuliko alivyoliogopa kosa. Mzazi mmoja alikuwa ameuliza kama walezi wa pale wana afya. Madamu akawakusanya wafanyakazi wote.

"Kila mtu atapimwa damu," alisema. "TB. Sitaki kusikia habari ya kesho."

Kliniki fulani ikamtuma kijana mwenye sanduku. Akawatoa damu mmoja baada ya mwingine, akaondoka. Majibu yalipokuja, wengine waliambiwa warudi kazini. Gentrix akaambiwa abaki ofisini.

"Damu yako imeonyesha TB," Madamu alisema, na alipokuwa akisema alirudisha kiti chake nyuma.

"Lakini sikohoi, Madamu. Sijakonda. Sijaumwa hata kichwa."

"Mashine haina sababu ya kukusingizia."

"Basi nipimwe tena."

"Kapimwe unakotaka. Lakini usikanyage hapa mpaka uniletee barua kwamba umepona. Na tafadhali, Gentrix, usipitie darasani kuaga."

Alipokuwa akitoka, watoto walimwona dirishani wakaita, "Tichaa! Tichaa Gentrix!" Alijiziba mdomo kwa leso akakimbia, kama mtu aliyetoroka na kitu cha wizi.

Jioni hiyo ujumbe ulitokea katika kundi la WhatsApp la wazazi: mlezi mmoja ameondolewa kwa sababu ya kifua kikuu, wazazi wasiwe na wasiwasi. Jina halikuandikwa. Lakini mlezi asiyeonekana kazini alikuwa mmoja tu, na Nyamira si mji mkubwa. Kesho yake muuza maziwa alimmiminia kutoka juu sana ili chombo chake kisiguse cha Gentrix. Bombani, wanawake walimwachia nafasi ambayo hakuiomba.

"Lisemwalo lipo," alisema mmoja, akimvuta mwanawe kwa mkono.

Okinyi aliporudi kutoka sokoni alimkuta mkewe amekaa mlangoni, na mtoto amelala peke yake kitandani, mbali.

"Twende hospitali kubwa," alisema. "Wakupime vizuri."

"Wakiniandika, watanifungia huko. Na Oyugi?"

"Nani amekwambia wanafungia watu?"

"Kila mtu anasema." Kisha akashusha sauti. "Okinyi, sasa najua ni nani aliyemuua msichana wetu. Ni mimi. Ni hii pumzi yangu."

Okinyi alikuwa mtu wa kubeba mizigo, lakini huu hakujua aushike wapi. Akasema, "Basi tungoje kidogo tuone." Laiti angejua kwamba katika nyumba yenye hofu, kungoja kunafanya kazi usiku na mchana.

Gentrix hakungoja. Alimwachisha mtoto ziwa siku hiyo hiyo. Asubuhi alimfunga Oyugi ndani ya shali safi, akageuza uso upande ili asimpumulie, akavuka ua hadi kwa Bathsheba.

"Magokoro, nisaidie. Wamesema nina TB. Nikikaa naye nitamuua."

Mwingine angefunga mlango. Bathsheba alinyoosha mikono. "Mlete, omwana one, mwanangu. Mimi nimelea tisa, na pumzi yangu haijamdhuru hata kifaranga. Wewe jitibu. Huyu ni wangu mpaka upone."

Jamani, upendo wa bibi yule ulikuwa wa kweli. Mimi simlaumu, nanyi msimlaumu. Alimlaza Oyugi kifuani pake na kufunga madirisha yasiingize baridi. Alimpikia uji wa wimbi, na kila kijiko alikipuliza kwanza kipoe. Akipuliza, akakohoa, akacheka, akalaumu moshi. Sketi yake siku hizi aliishika kwa pini kiunoni. "Uzee unakula nyama," alieleza. Karatasi ya kliniki ilikuwa imeandika jina la Gentrix. Haikuandika jina la Bathsheba, kwa kuwa hakuna aliyempima. Kwa hiyo ploti nzima ilijua hatari iko mlango gani.

Mama mtu alikaa ng'ambo ya ua, leso imeziba pua na mdomo. Mtoto akilia, maziwa yalimtoka yenyewe yakalowesha blauzi. Aliinuka, akafika katikati ya ua, akarudi. Aliinuka tena, akarudi. Siku zikapita hivyo, mpaka mtoto alipolia na blauzi ikabaki kavu. Gentrix alijishika kifua akaona ni bora hivyo. Maziwa ya sumu yameisha, aliwaza.

Oyugi akaanza kupungua. Maziwa ya ng'ombe yaliyotiwa maji yalimharisha. Mashavu yake yalishuka, macho yakawa makubwa. Baadaye akaanza kukohoa, kikohozi kidogo kama cha paka.

"Ni ile pumzi yangu," Gentrix alimwambia mumewe. "Nilichelewa kumwachisha. Ilikwisha kumwingia."

"Leo ndiyo leo," alisema Okinyi. "Tunaenda hospitali."

"Kesho," alisema. "Niache nimfulie Magokoro nguo zake. Anatulelea mtoto, hata sabuni sijamnunulia."

Akazichukua nguo za bibi akakaa nazo kwenye beseni. Alifua mashuka, akafua sketi ile ya pini. Alipoikunjua leso, mkono wake ukasimama. Katika ile pembe aliyozoea Bathsheba kujifutia mdomo palikuwa na madoa. Mengine yalikuwa yamekauka, rangi ya kutu. Moja lilikuwa jekundu bado.

Kutoka ndani alisikia bibi akikohoa, kisha sauti yake ikimwambia mtoto, "Pole, mume wangu, nimekuamsha." Gentrix aligeuka akaitazama ile nyumba ya madirisha yaliyofungwa. Akawaza kikohozi kile tangu mavuno. Akawaza kile kijiko kinachopulizwa. Yeye mwenyewe hakuwa amekohoa hata mara moja.

Aliliacha beseni limepinduka. Aliingia mbio bila kuziba mdomo, akamnyanyua Oyugi kutoka kifuani pa bibi.

"Magokoro, hii ni nini?"

Bathsheba aliitazama leso, akatazama chini. "Ni moshi, omwana one. Nilikuwa sitaki kuwasumbua watoto wangu na hospitali."

"Moshi hautoi damu, Magokoro. Vaa viatu."

Walikwenda wote: Okinyi, Gentrix na mtoto mgongoni, na bibi akijikongoja nyuma yao, leso mpya mdomoni. Hospitalini, daktari mmoja kwa jina Anyona aliwapokea. Bathsheba alipewa barakoa akaketishwa kwenye benchi la nje, penye upepo. Gentrix alipotoa karatasi yake ya kliniki, daktari aliisoma, akaiweka kando, akaanza kumuuliza. Unakohoa? Unatoka jasho usiku? Umepungua? Unapata homa? Yote alijibu hapana.

"Na walipoona jibu hili, walikupiga picha ya kifua? Walikuelekeza kwetu?"

"Walinielekeza nyumbani."

Daktari alitikisa kichwa. Gentrix alipigwa picha ya kifua. Mapafu yalikuwa safi. Damu ilitolewa tena ikapelekwa maabara kubwa, na jibu lilipokuja halikuwa na kitu. Lakini makohozi ya Bathsheba yalikuwa na wadudu wa kifua kikuu wengi.

"Mbona damu ilisema ninayo?" aliuliza Gentrix.

"Nyumbani kwenu mlifuga mbwa?"

"Ndiyo."

"Mwizi akija, hubweka. Ng'ombe wa jirani akipita, pia hubweka. Na siku nyingine mwizi huingia naye amelala. Kipimo cha damu ni mbwa yule. Hata kinaposema kweli, kinaweza kusema tu kwamba vijidudu viliwahi kuingia mwilini na vimelala, wala humwambukizi mtu. Akibweka, unatoka na tochi ukaangalie. Humkamati mtu wa kwanza unayemwona ukamchoma."

Gentrix aliinamisha kichwa. Aliuliza lile lililokuwa limemkaa moyoni. "Daktari, msichana wangu wa kwanza. Je, ni mimi?"

"Sikumwona, siwezi kusema alikufa kwa nini. Lakini kwa haya ninayoyaona, sioni sababu ya kujishtaki."

Ndipo mama yule akalia, kwa mara ya kwanza tangu aitwe ofisini kwa Madamu Kemuma.

Oyugi alilazwa. Zile siku za wodini zilikuwa za kutisha. Kila alipokuja mtu mwenye koti jeupe, Gentrix alimsoma usoni kabla hajafungua mdomo. Mungu ni mwema: ugonjwa wenyewe ulikuwa haujaota kifuani mwa mtoto. Kilichomwangusha ni kuharisha na njaa. Alipewa dawa za kumkinga, kwa kuwa alilala kifuani pa mgonjwa, na Bathsheba akaanza matibabu yake bila malipo yoyote. Ila maziwa ya mama hayakurudi. Alijaribu, wauguzi wakamsaidia, hayakurudi.

Barua ya daktari ilipomfikia, Madamu Kemuma alifika kwenye ploti na mkate mkononi, akasimama karibu na bomba.

"Nimewaandikia wazazi ukweli," alisema. "Nisamehe, Gentrix. Niliwaogopa."

"Nimekusamehe, Madamu. Lakini ulikuwa na simu mkononi. Uliwaandikia wazazi wote siku moja. Kumpigia daktari mmoja ilikushinda?"

Madamu alimkabidhi mkate, akamwomba arudi shuleni. Gentrix alirudi kazini. Wazazi wawili waliwahamisha watoto wao hata hivyo, maana maneno hayana dawa ya kuyatapisha.

Na Bathsheba? Alimeza dawa zake mpaka daktari akasema hana tena hatari kwa mtu, na aliendelea mpaka mwisho. Hata hivyo aliona haya. Alikaa upande wake wa ua, madirisha yote wazi, akimwangalia Oyugi kwa mbali. Jumapili moja baada ya kanisa, Gentrix alivuka ua, akafika katikati, na safari hii hakurudi. Akamweka mtoto mapajani pa bibi.

"Mshike mumeo, Magokoro."

Bathsheba aliirudisha mikono yake nyuma. "Sistahili kumgusa tena."

"Mshike. Ila uangalie vidole vyako. Amekushinda sasa, ana meno manne."

FUNZO

Ndugu zangu, hakuna adui katika hadithi hii. Palikuwa na mwajiri aliyetaka kulinda watoto, mama aliyetaka kulinda mwanawe na bibi aliyetaka kusaidia. Wote watatu walimpeleka mtoto mmoja kwenye hatari, kwa kuwa waliiamini karatasi na hawakukisikiliza kikohozi.

Mwajiri, ukiwapima wafanyakazi wako, jua kwamba jibu la damu ni mwanzo wa uchunguzi. Mtume mtu hospitalini kwa heshima, na siri yake ibaki kwako. Mama, usimwachishe mtoto ziwa wala usimhamishe kwa hofu kabla hujamwona daktari. Hakuna anayekufungia kwa kuuliza. Nawe uliye na kikohozi kisichokwisha, hata kama ni nyanya, hata kama unapika kwa kuni, usiulaumu moshi. Kifua kikuu kinatibika. Anayekipata ni jirani yetu, si mchawi wetu.

Na sisi sote tunaosimama bombani, tukumbuke mbwa wa daktari Anyona. Mbwa akibweka, tutoke na tochi. Tusitoke na kiberiti.